Kijiji si barabara tu: tuchore Rumangabo kabla ya kujenga depo



Nianze na mkutano wetu wa mwisho. Gari la shirika lilifika asubuhi, likasimama pale pale linaposimamaka kila mara, kando ya barabara kubwa. Tukakaa chini ya miti, tukasalimiana, tukaambiwa habari njema: kuna feza kidogo ya kujenga depo ya mavuno ya wanachama wa Rumangabo. Swali lilikuwa moja tu: ijengwe wapi? Hata robo saa haikupita, mikono ilikuwa imekwisha kuinuka. Barabarani. Na mimi pia niliinua mkono.

Kiisha mama mmoja wa kule juu, upande wa kupanda Bukima, akasimama polepole. Akauliza: "Nyiye munasema depo ikuwe ku barabara. Sawa. Basi nani atabebaka maharagi yangu kutoka kule? Ni gari, ao ni mugongo yangu?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Monitere wa shirika hakucheka. Aliandika kitu katika kaye yake, akasema tutarudia swali hilo katika mkutano unaokuja. Usiku nilipofika nyumbani niliona ya kwamba yule mama alikuwa ameuliza swali ambalo sisi wote tulipaswa kuuliza kwanza. Kijiji chetu kiko namna gani? Watu wanakaa wapi? Mavuno yanatoka wapi? Tumezaliwa hapa, tunajua kila kichochoro, lakini siku ya kupanga jambo kubwa tunaona barabara peke yake.

Ninaandika makala hii juu ya jambo hilo. Maoni yangu ni haya: tusijenge depo moja kubwa barabarani mpaka tuwe tumechora kijiji chetu sisi wenyewe. Na mimi naamini tukisha kuchora, tutaona ya kwamba depo ndogo tatu, karibu na makao ya watu, zinafaa kuliko moja kubwa.

Nchi yetu ilivyo

Mgeni akiulizwa Rumangabo iko wapi atasema: ni juu ya barabara ya Goma na Rutshuru. Ni kweli. Ukitoka Goma unapita Kibati, Kibumba, Rugari, kiisha unafika kwetu, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Ukiendelea utapita Kalengera na Rubare, ufike Rutshuru na Kiwanja. Atasema tena: pale ndipo makao makuu ya parki ya Virunga, na pale ndipo kambi kubwa ya jeshi. Hayo pia ni kweli. Lakini barabara, parki na kambi ni vitu ambavyo watu wanaopita wanaviona. Mkulima anaona nchi nyingine.

Upande wa mapambazuko nchi inapanda. Inapanda mpaka miguu ya Mikeno, mlima wa mita 4,437, na nyuma yake Karisimbi wa mita 4,507. Kule juu kuna baridi, ukungu, na udongo mweusi wa volkano. Ni nchi ya viazi na ya maharagwe ya kupanda juu ya miti. Mashamba yanakwenda mpaka kwenye mpaka wa parki, na nyumba zimetawanyika: tatu hapa, tano kule, kila familia karibu na shamba lake.

Katikati kuna barabara, na kando yake nyumba zimebanana. Ndiko kuna maduka, mashule, makanisa, pikipiki na kamyo. Ndiko kuna manjanja mapya yanayong'aa. Mtu akipita katika gari atasema: hiki ndicho kijiji chote.

Upande wa machweo nchi inateremka kuelekea uwanda wa lava wa Nyamulagira, ambao sehemu yake kubwa iko ndani ya parki. Huko kuna mawe mengi, na mahali pengine udongo ni mwembamba kama blanketi ya zamani. Mkulima anatafuta mifuko ya udongo kati ya mawe, anapanda mahindi, mtama, mihogo na ndizi.

Sehemu hizi tatu ni za kijiji kimoja lakini hazifanani. Zile za juu zinavuna kwa wakati mwingine kuliko zile za chini, kwa sababu baridi inachelewesha. Zile za juu zinahangaika kukausha, kwa sababu ya ukungu. Zile za chini zinakausha vizuri, lakini dudu la maharagwe linaingia haraka kwa sababu ya joto. Mtu anayepanga depo bila kujua hayo atajenga nyumba nzuri isiyofaa mtu.

Na tusisahau maji. Nchi ya lava inameza mvua. Inanyesha sana, lakini maji yanazama kati ya mawe, hayakai juu. Ndiyo sababu kutoka Kibumba mpaka kwetu watu wanategemea sana manjanja na matangi ya kukinga mvua. Mama wa kule juu akishuka na mzigo wa maharagwe, mara nyingi anapanda tena na bidoni ya litre 20. Safari ya depo na safari ya maji zinaungana juu ya mgongo mmoja.

Barabara ilituvuta

Zamani wazee wetu hawakuwa wakijenga kwa mstari. Nyumba ilikuwa katikati ya ndizi na shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Katika wakati wa Wabeleji wakubwa walipenda vijiji vikae kando ya barabara, ili kodi ikusanywe bila taabu na watu wapatikane kwa kazi ya barabara yenyewe. Mwaka 1925 parki ikaundwa kwa jina la Albert, na katika miaka iliyofuata mipaka yake ikapanuliwa na kuandikwa. Leo parki ina karibu kilomita za mraba 7,800, na katika sehemu yetu ya kusini imetuzunguka pande mbili. Wakulima wamebaki kati ya mikono yake miwili, na barabara inapita katikati.

Kiisha vita ikafanya kazi yake. Mwaka 1994 wakimbizi wengi walikaa katika kambi za Kibumba, Katale na Kahindo, zote kwenye njia hii yetu. Tangu siku zile, kila mara watu wakikimbia na kurudi, wengi wanaogopa kurudi mbali na wengine. Wanajenga karibu na barabara, ili siku nyingine wapate njia ya kukimbia haraka, na ili msaada ukija wauone. Sitawalaumu. Mimi mwenyewe nimejenga barabarani.

Lakini shamba halikuhama. Nyumba imeshuka, shamba limebaki juu. Watanzania waliona jambo kama hilo katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji. Watu wengi walihamishwa ili wakae pamoja, mara nyingi kando ya barabara, wapate shule, dawa na maji. Shule zilikuja kweli mahali pengi. Lakini wakulima wengi walijikuta mbali na mashamba yao ya zamani, na ile ardhi ya karibu na kijiji ikachoka upesi kwa sababu kila mtu alilima hapo hapo. Kwetu hakuna serikali iliyotupanga kwa mstari katika miaka hii. Ni woga na haja ndivyo vimetupanga. Matokeo yanakaribiana.

Hesabu ya mgongo

Tufanye hesabu ndogo. Nachukua mfano tu, kila mmoja aweke namba zake.

Familia moja ya kule juu imevuna kilo 240 za maharagwe. Mama anabeba kilo 40 kwa safari. Hizo ni safari 6. Kama kushuka mpaka barabarani na kupanda tena kunakula saa mbili na nusu, basi ni saa 15. Tukiwa na familia 40 za namna hiyo, ni safari 240 na saa 600. Kama siku ya kazi ni saa 8, ni siku 75 za kazi, zimetumika kwa kubeba tu. Na hiyo ni katika wakati ambapo shamba linadai kutayarishwa kwa msimu unaofuata.

Mtu atasema: lakini maharagwe ya kuuza lazima yashuke barabarani, depo iwe juu ao chini. Ni kweli, siwezi kukataa. Lakini tuangalie vizuri. Katika zile kilo 240, si zote za kuuza. Kuna mbegu ya msimu unaokuja, na kuna chakula cha watoto. Tuseme ni kilo 90. Depo ikiwa barabarani, kilo 90 zinashuka juu ya mgongo na zinapanda tena juu ya mgongo. Depo ikiwa karibu, hazitoki mlimani. Zile 150 zinazobaki zinashuka siku moja, siku ya kamyo, zikiwa zimechaguliwa na kupimwa. Watu wanaungana, wanalipa chukudu ao pikipiki pamoja, na bei ya kubeba inagawanywa. Chukudu inapenda mteremko, kila mtu anajua.

Kuna jambo lingine kubwa kuliko saa za kazi. Depo ikiwa mbali, mama hafiki. Anaangalia anga, anaangalia mgongo wake, na mfanyabiashara mdogo amesimama pale shambani na mizani yake na feza mkononi. Anauza pale pale, siku ya mavuno, wakati bei iko chini kabisa kwa sababu kila mtu amevuna. Miezi mitatu nyuma ananunua maharagwe ya kupanda kwa bei ya juu, pengine ni yale yale yaliyotoka shambani mwake. Depo inajengwa ili kuvunja mzunguko huo. Depo ambayo mama wa juu hafiki haivunji kitu. Itajaa mavuno ya wale wanaokaa kando yake, ambao ni wale wale wenye nguvu kidogo kuliko wengine.

Kitu cha barabarani kinatangulia kuondoka

Niseme sasa jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatupendi kulisema katika mikutano.

Kambi ya Rumangabo imetekwa na kutekwa tena mara nyingi: Oktoba 2008, Julai 2012, Oktoba 2013, na tena mwishoni mwa Oktoba 2022. Kila mara watu wamekimbia, wengi kuelekea Goma, wakalala Kanyaruchinya na mahali pengine chini ya shitingi. Makala hii haizungumzii nani alifanya nini. Inazungumzia maharagwe.

Miaka ya nyuma tulikuwa na depo barabarani. Shirika moja lilitujengea, sitalitaja. Ilikuwa nyumba nzuri, simenti, manjanja, mlango wa chuma, na kibao kikubwa chenye rangi. Kibao kile kilisomeka kutoka mbali: hapa kuna akiba ya chakula. Tulipokimbia, depo ile ilikuwa ya kwanza kufunguliwa. Tuliporudi hatukukuta gunia hata moja, na manjanja yalikuwa yametolewa. Katika nyumba za juu, watu waliokuwa wameweka mbegu kidogo kidogo katika vyombo vyao, wengi walikuta kitu. Si wote, lakini wengi. Ni hao walitugawia mbegu ya kuanza tena.

Toka siku ile mimi nimefahamu ya kwamba akiba yote mahali pamoja ni hatari. Hata bila vita. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikaikata barabara hii yetu huko kwa jirani zetu wa Nyiragongo. Mavuno hayakuweza kufika Goma kwa njia ya kawaida. Wale waliokuwa wamekwisha kushusha viazi barabarani waliviona vikioza. Wale waliokuwa bado na mavuno katika akiba kavu walingoja.

Wanaosema "barabarani" wako na sababu

Sitaki mtu aseme ninadharau maoni ya wengine. Nimewasikiliza, na wako na sababu tatu nzuri.

Ya kwanza: barabarani njo kuko soko. Kamyo haipandi kule juu, hasa wakati wa mvua, wakati njia inakuwa tope mpaka magotini. Ni kweli. Kwa hiyo sisemi barabarani kusiwe na kitu. Pawe na uwanja wa kukusanyia, wenye paa tu na mizani, mahali ambapo mavuno yanalala usiku mmoja ao mbili yakingoja kamyo. Paa halivutii mwizi kama ghala lenye mlango wa chuma.

Ya pili: depo tatu zinakula feza kuliko moja. Hapo tuhesabu vizuri. Kama tunataka tatu za simenti na chuma, ndiyo, feza haitatosha. Lakini depo ndogo ya tani chache inaweza kujengwa na vitu vya kwetu: msingi wa mawe ya lava, ambayo hayatupungukii, mbao za mikaratusi, sakafu iliyoinuliwa ili unyevu na panya visifike, manjanja juu. Kazi ya mikono tutaifanya kwa salongo. Kitu ambacho hatuwezi kupata sisi wenyewe ni mizani tatu za kweli, turubai za kukaushia, na mafunzo ya walinzi watatu. Hayo tuyaombe kwa shirika badala ya simenti nyingi.

Ya tatu: maharagwe ya depo tatu hayatakuwa ya namna moja, na mnunuzi wa Goma anataka mzigo unaofanana. Hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote, na inataka nidhamu. Tuwe na sheria moja kwa depo zote: aina moja katika gunia moja, hakuna kuchanganya, hakuna kupokea maharagwe mabichi. Kupima unyevu hatuhitaji mashine. Chukua chupa safi na kavu, weka konzi ya maharagwe na chumvi kavu, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishika juu ya chupa, maharagwe bado. Mwambie mwenyewe ayarudishe juani. Isiposhika, pokea. Na yanayohifadhiwa kwa muda mrefu yawekwe katika ile mifuko ya matabaka matatu inayofungwa hewa isipite; dudu linakufa humo bila dawa ya sumu.

Kuna wanaouliza pia: nani ataaminiwa na ufunguo kule juu? Hapo tujifunze kwa wakulima wa Niger, huko Afrika ya Magharibi. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wengi wao wanaweka nafaka katika ghala la kijiji baada ya mavuno, wanapata mkopo mdogo juu ya akiba ile, na wanauza wakati bei imepanda. Mlango wa ghala una makufuli mawili. Ufunguo mmoja unakaa na wakulima, mwingine na wale waliotoa mkopo. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Sisi tunaweza kufanya hivyo bila hata mkopo: ufunguo mmoja kwa mlinzi wa depo, mwingine kwa mama aliyechaguliwa na kundi la akiba la pale pale. Na siku ya kufungua ijulikane na wote.

Kwanza tuchore

Sasa, depo hizo tatu ziwe wapi? Sisemi. Nikisema, nitakuwa nimefanya kosa lile lile la kuinua mkono haraka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sijalala katika kila kitongoji cha Rumangabo.

Ndiyo sababu ninaomba tuchore. Hatuhitaji karatasi kubwa wala mtu wa mashine. Tunahitaji uwanja safi, asubuhi moja, na watu wanaofaa. Barabara tuichore na majivu. Nyumba ziwe punje za mahindi, punje moja kwa kila familia ya mwanachama. Mashamba yawe majani. Matangi ya maji yawe mawe madogo. Makorongo na njia zinazokatika wakati wa mvua tuziweke kwa vijiti. Mpaka wa parki tuuweke kwa kamba, kama ulivyo leo juu ya nchi, kila mtu auone. Tukimaliza, kijana mmoja anakili yote katika kaye.

Nani aje? Kapita na viongozi wa nyumba kumi, ndiyo, lakini wasichore peke yao. Wamama waje, kwa sababu wao ndio wanajua njia inachukua saa ngapi na mzigo mgongoni. Watoto wa shule waje, wanajua vichochoro. Waliorudi kutoka ukimbizini waje, hata kama wamerudi wiki iliyopita. Na yule mzee anayekaa peke yake karibu na mpaka, ambaye haonekani katika mikutano, tumfuate kwake.

Kuna mambo matatu ya kuangalia sana.

La kwanza, vilipuzi. Katika nchi iliyopita vita nyingi, na karibu na kambi, kuna vitu vya chuma vilivyobaki mashambani. Mtu akijua mahali penye kitu cha namna hiyo, aonyeshe juu ya mchoro, tuweke alama nyekundu. Asiende kukionyesha kwa mkono, asikiguse, asikichome, asimtume mtoto. Tuwaite wenye kazi hiyo. Njia ya depo isipite huko hata kama ni fupi.

La pili, parki. Mchoro utaonyesha ni wapi watu wanakata miti ya kushikilia maharagwe na wapi wanatafuta makala. Tusijifiche. Mkulima wa juu anahitaji maelfu ya vijiti kila msimu, na kama hana mikaratusi yake, tunajua atavitoa wapi. Afazali mchoro utuambie ni familia ngapi hazina miti, ili kitalu cha koperative kianze kwao. Kufanya hivyo kunaondoa ugomvi na magade wa parki kuliko mikutano kumi.

La tatu, na ndilo linalotisha watu: ardhi. Wengi watasema, "Leo munachora, kesho mutatunyanganya." Woga huo si wa bure. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Juu ya ardhi za mila iliahidi amri ya Rais ya kuzipanga, na kwa miaka mingi amri hiyo haikutoka. Mkulima wa kawaida amebaki kati ya karatasi ya mjini na neno la mwami. Kwa hiyo tukubaliane kabla ya kuanza: mchoro wetu unaonyesha mahali watu wanakaa na mahali mavuno yanatoka. Hauandiki shamba ni la nani. Majina ya wenye mashamba yasiingie. Shamba lenye ugomvi liachwe wazi, bila jani. Na kaye ibaki mikononi mwa koperative. Mtu wa nje asipewe nakala mpaka mkutano mkuu ukubali. Katika sheria ya koperative ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, kila mwanachama ana sauti moja, awe na hekta kumi ao awe na bustani nyuma ya nyumba. Basi tuitumie sauti hiyo hapa.

Ninachoomba

Kwa shirika ninaomba jambo moja: mutupe muda. Najua muko na tarehe za mradi, na feza isipotumika mwaka huu pengine itarudi. Lakini wiki tatu za kuchora hazitaharibu mradi, na depo isiyotumika itauharibu kabisa. Na siku mukija tena, gari libaki barabarani, sisi tupande pamoja kwa miguu mpaka kule juu. Viatu vitachafuka kidogo.

Kwa viongozi wa koperative: mkutano unaokuja tusipige kura juu ya mahali pa depo. Tupige kura juu ya siku ya kuchora, kitongoji kwa kitongoji. Halafu michoro yote iletwe, ilazwe chini kando kwa kando, na hapo tuhesabu punje za mahindi. Punje zilipo nyingi, na njia ya barabarani ilipo ndefu, ndipo depo ya kwanza ianzie. Ikiwa mchoro utaonyesha ya kwamba nimekosea, na ya kwamba moja kubwa barabarani inafaa, nitakuwa wa kwanza kubeba mawe ya msingi.

Kwa wanachama wenzangu wa barabarani: tusiogope ya kwamba depo za juu zitatupunguzia kitu. Kamyo ikija na kukuta tani nyingi zilizo kavu na zilizochaguliwa, bei ni ya wote. Ikikuta magunia yetu machache tu, mnunuzi atatuchezea anavyotaka, kama alivyozoea.

Na kwa yule mama wa upande wa Bukima: mama, tusamehe kwa kicheko cha siku ile. Ulizo lako bado linangoja jibu. Katika mkutano unaokuja nitakaa karibu nawe, na mikono ikianza kuinuka haraka haraka, tafazali simama tena uulize.

Mwanachama wa koperative, Rumangabo